Mkinunua Gari Jipya, Msitie Sahihi Kabla ya Kuzungumza



Familia nyingi hapa Kenya huendesha magari yaliyotumika, hasa yale yanayoletwa kutoka Japani. Kununua gari jipya kabisa, ambalo halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine, ni jambo ambalo nyumba nyingi hulifanya mara moja tu, na nyingine hazilifanyi kamwe. Ndiyo maana siku hiyo ikifika, baada ya miaka ya kuweka akiba katika sako au baada ya benki kukubali mkopo, furaha huwa kubwa sana.

Lakini penye furaha kubwa macho hufumba kidogo. Mume na mke huwa wamezungumza kwa miezi mingi juu ya bei ya gari, ukubwa wake, rangi yake na mafuta linayotumia. Hawajazungumza hata kidogo juu ya mambo ambayo mwuzaji atayaleta mezani dakika za mwisho, wakati kalamu iko tayari mkononi. Mambo hayo ni kuongeza muda wa dhamana, pamoja na vitu vingi vidogo ambavyo gari "linafaa kuongezewa". Mwezi huu tuyatazame mambo hayo, kwa sababu ndiyo yanayoweza kuleta maneno nyumbani muda mrefu baada ya harufu ya upya wa gari kuisha.

MAMBO YANAVYOTOKEA

Tuseme mume ni mwalimu na mke ni muuguzi. Wamekubaliana bei ya gari. Siku ya kukamilisha, mke yuko zamu hospitalini, kwa hiyo mume anakwenda peke yake. Kijana wa mauzo, mwenye adabu na tai nzuri, anamwandalia chai. Kisha anasema: "Mzee, dhamana ya kampuni ni miaka mitatu tu. Gia ikiharibika mwaka wa nne utalipa pesa nyingi sana. Kwa shilingi 150,000 tunakuongezea miaka miwili. Na hata huhitaji kuzitoa leo, tunaziweka ndani ya mkopo. Ni shilingi elfu tatu na kitu tu kwa mwezi."

Mume anafikiri: hizi ni kidogo kuliko bei ya gari lenyewe. Tena anaona haya kuonekana kama mtu asiye na uwezo. Anatia sahihi. Halafu anaongezewa mipako ya rangi, vifuniko vya viti, kengele ya wezi na kifaa cha kufuatilia gari. Jioni mke anauliza, "Mbona malipo ya mwezi si yale tuliyoandika?" Mume anajibu, "Hayo ni mambo ya magari, Mama, huwezi kuyaelewa." Hapo ndipo kidonda kinapoanza. Mke hakuumia kwa sababu ya shilingi elfu tatu. Ameumia kwa sababu pesa za nyumba yao ziliamuliwa bila yeye, na alipouliza alifungwa mdomo.

Wakati mwingine ni kinyume. Mke ndiye aliyekwenda, na mume ndiye anayekuja kugundua katika karatasi za benki. Uchungu ni ule ule.

Sisemi kwamba dhamana ya kuongezwa ni mbaya daima. Ninasema kwamba ni uamuzi wa watu wawili, na kwamba mahali pake ni mezani nyumbani, si mezani kwa mwuzaji.

DHAMANA NI NINI HASA?

Ili mweze kuamua, ni lazima kwanza mjue mnauziwa nini.

Gari jipya huja na dhamana ya mtengenezaji, ambayo wauzaji huiita waranti. Hiyo tayari imo ndani ya bei. Ni ahadi kwamba kitu kilichoharibika kwa sababu ya kasoro ya utengenezaji kitarekebishwa bila malipo. Kwa kawaida huandikwa kwa miaka na kwa kilomita, kwa mfano miaka 3 au kilomita 100,000, na hukoma kwa lile linalotangulia. Maneno hayo "linalotangulia" yana uzito. Familia inayoendesha kilomita 20,000 kwa mwaka itakuwa imefika 60,000 tu miaka mitatu ikiisha. Lakini mtu anayefanya biashara ya kubeba watalii, akiendesha kilomita 60,000 kwa mwaka, atakuwa ameimaliza dhamana hiyo hiyo kwa miezi 20.

Dhamana hiyo haigusi vitu vinavyolika kwa matumizi: breki, magurudumu, vifuta maji vya kioo, mara nyingi hata klachi. Haigusi ajali, mafuriko, mafuta machafu, wala sehemu ya chini ya gari iliyopigwa na mawe ya barabara ya murram. Tena ina sharti: gari lifanyiwe sevisi kwa wakati, mahali panapokubaliwa, na kitabu kipigwe muhuri. Ukipeleka gari kwa fundi wa mtaani ili kuokoa elfu chache, unaweza kupoteza ahadi yote.

Dhamana ya kuongezwa ni kitu kingine. Ni mkataba wa pili, unaouzwa kwa bei yake. Kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya ule wa mtengenezaji kwisha, ingawa pesa unazitoa leo. Kwa hiyo yule mwalimu wetu amelipia leo jambo ambalo haliwezi kumsaidia mpaka mwaka wa nne. Akiuza gari mwaka wa tatu, au gari likiibiwa, basi huenda amelipa bure, isipokuwa mkataba unasema kwamba unaweza kuhamishiwa mnunuzi mpya au kurudishiwa sehemu ya pesa.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Sheria za Kenya zenyewe zina ulinzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inamhesabu mwuzaji kuwa ameahidi ubora unaofaa hata kama hakutamka neno. Ulinzi huo haununuliwi kwa pesa. Msikubali kuuziwa kama zawadi kile ambacho sheria imekwisha kuwapa.

MASWALI MATATU KWA KILA KITU

Kila kitu mtakachoongezewa, kiwe dhamana, kiwe bima ndogo, kiwe zulia la miguu, kipitisheni katika maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, jambo hili tayari limelipiwa?

Mkiwa na bima kubwa, ile inayofidia gari lenyewe na si watu wengine tu, ajali na wizi viko huko. Basi mtu akiwauzia "ulinzi" dhidi ya ajali, muulizeni unaongeza nini juu ya bima yenu. Vivyo hivyo kasoro zile ambazo mtengenezaji mwenyewe huzitangaza na kuyaita magari yarudi. Kwa kawaida hizo hurekebishwa bila malipo, iwe mna mkataba wa pili au hamna.

Swali la pili: Likitokea, je, tunaweza kulibeba wenyewe?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote ya bima. Bima inafaa kwa jambo ambalo likitokea litaiangusha nyumba. Haifai kwa jambo ambalo likitokea litawaudhi tu. Kifuniko cha kiti kikichanika, mtaudhika. Gia ya gari ikifa wiki moja kabla ya karo ya mtoto wa sekondari kulipwa, hilo ni jambo jingine. Kila nyumba inajua mpaka wake. Kwa mwingine shilingi 50,000 za ghafla ni msiba, na kwa mwingine hata 300,000 ni maumivu yanayopita.

Swali la tatu: Ahadi hii ni ya nani, na karatasi inasema nini?

Ahadi inaweza kuwa ya mtengenezaji, ya mwuzaji, au ya kampuni ya tatu ambayo hamjapata kuisikia. Jina lililo juu ya mlango si lazima liwe jina lililo chini ya mkataba. Kampuni za magari nazo hubadilika. Mwaka 2017 General Motors iliuza hisa zake katika kampuni ya General Motors East Africa ya Nairobi kwa Isuzu, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa. Ndiyo maana ni lazima mjue ni nani hasa anayewajibika miaka mitano ijayo. Kama ahadi ni ya bima, ulizeni kampuni gani ya bima inayoitoa, kisha mhakikishe kwamba ina leseni kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bima.

Kisha someni orodha ya vitu visivyolipiwa. Msiisome ile ya vilivyolipiwa kwanza. Hiyo mwuzaji atawasomea. Someni ile ya mwisho, yenye herufi ndogo. Tafuteni kiasi cha juu kinachoweza kulipwa kwa tengenezo moja, kiasi ambacho nyinyi mtachangia kila mara, na gereji mnazoruhusiwa. Kama mnaishi Lodwar na gereji inayokubaliwa iko Nairobi, hesabuni na gharama ya kulifikisha gari huko.

TUPIGE HESABU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue daftari.

Zile shilingi 150,000 za mwalimu wetu zimewekwa ndani ya mkopo wa miaka mitano. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, inayopigwa juu ya deni linalobaki. Atalipa karibu shilingi 3,570 kwa mwezi kwa miezi 60. Jumla ni karibu shilingi 214,000. Kwa hiyo dhamana iliyoitwa ya 150,000 imegharimu 64,000 zaidi. Riba hiyo hakuitaja mtu yeyote pale mezani. "Elfu tatu na kitu kwa mwezi" ni maneno matamu kwa sababu yanaficha jumla. Kila mnapoambiwa kiasi cha mwezi, zidisheni kwa miezi yote, pale pale, kwa sauti.

Sasa tazameni njia ya pili. Wangekuwa wanaweka zile 3,570 kila mwezi katika akaunti ya sako iliyo kando, ambayo haiguswi ila kwa gari, miezi 36 ikiisha, yaani dhamana ya mtengenezaji inapokoma, wangekuwa na shilingi 128,520, bila kuhesabu faida. Gari likikaa salama, pesa ni zao. Likiharibika kidogo, zipo. Tena mfuko huo haukatai tengenezo. Hausemi, "Hicho ni kitu kinacholika kwa matumizi."

Lakini tuseme ukweli pande zote mbili. Gia ikifa mwezi wa 37 na bei yake ni 300,000, mfuko huo hautatosha. Na mfuko usio na nidhamu huliwa. Leo mmoja anakopa kidogo kwa harambee ya shangazi, kesho mwingine anakopa kidogo kwa mbolea, na siku ya gari kuharibika mfuko ni mtupu. Njia ya akiba ni nzuri kwa nyumba yenye neno moja. Kama mnajijua kwamba hamwezi kuiacha akiba ikae, basi msijidanganye, na mlihesabu hilo katika uamuzi wenu.

Ni lini basi dhamana ya kuongezwa inaweza kufaa? Inaweza kufaa mkikusudia kuliweka gari muda mrefu baada ya dhamana ya kwanza. Inaweza kufaa gari likiwa na vyombo vya bei kubwa ambavyo fundi wa kawaida haviwezi, kama vile betri ya gari linalotumia umeme na mafuta pamoja. Lakini ulizeni kwanza, kwa sababu mara nyingi betri hiyo huwa na dhamana yake ndefu zaidi kutoka kwa mtengenezaji. Inaweza kufaa kama gari ndilo mkate wa nyumba, na likilala gereji wiki mbili watoto watalala njaa. Na ifae kwa sharti kwamba ahadi ni ya mtengenezaji mwenyewe au mtu mwenye msingi imara, na bei mmeiona kwa jumla.

WENGINE WAMEJIFUNZA NINI

Biashara hii ni ya muda mrefu katika nchi za ng'ambo, na huko watu wamepata kuichunguza. Mwaka 2014 jarida la Consumer Reports la Marekani, ambalo kazi yake ni kupima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, lilichapisha majibu ya wasomaji wake wenye magari. Miongoni mwa walionunua dhamana ya kuongezwa, asilimia 55 hawakuitumia hata mara moja kwa matengenezo. Na wale walioitumia, kwa wastani walikuwa wamelipa zaidi kuliko kile walichookoa.

Uingereza nako kuna bima ndogo inayouzwa pamoja na gari, ya kuziba pengo kati ya thamani ambayo bima kubwa hulipa na bei uliyonunulia gari au deni linalobaki. Mwaka 2015 mamlaka ya fedha ya huko iliweka kanuni kwamba mwuzaji wa magari akishamweleza mteja habari za bima hiyo, asimwuzie pale pale. Ni lazima zipite siku mbili, isipokuwa mteja mwenyewe arudi na kuiomba mapema. Mwaka 2024 mamlaka hiyo hiyo ilitangaza kwamba ni asilimia 6 tu ya pesa walizolipa wateja kwa bima hiyo iliyorudi kwao kama fidia, na kwamba kampuni nyingine zilikuwa zikiwapa wauzaji, kama vile wauzaji wa magari, hadi asilimia 70 kama kamisheni. Kampuni kadhaa zilikubali kusimamisha mauzo kwa muda.

Ziangalieni tena zile siku mbili. Serikali ya watu wengine iliona kwamba mtu aliyekaa mbele ya gari jipya hawezi kufikiri vizuri, ikampa muda. Hapa kwetu hakuna anayewapa siku hizo. Basi jipeni wenyewe.

VITU VIDOGO VIDOGO

Baada ya dhamana huja orodha ya vitu vya kuongeza. Vigaweni katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile vinavyotakiwa na sheria au mkopo. Bima ya kulinda watu wengine barabarani ni lazima kisheria. Pembetatu za kuonya zenye kuakisi mwanga ni lazima ziwemo ndani ya gari. Benki ikitoa mkopo huweza kudai bima kubwa na kifaa cha kufuatilia gari. Lakini hata hapo ulizeni: je, ni lazima kinunuliwe kwenu, au twaweza kukinunua kwingine? Pata bei mbili au tatu.

Fungu la pili ni vile vinavyofaa kwa maisha yenu. Bamba la chuma la kukinga injini kwa chini lina maana kwa anayepita murram kila siku, na halina maana kwa anayetoka Buruburu kwenda mjini kwa lami. Dawa ya kuzuia kutu ina maana zaidi Mombasa na Malindi, penye hewa ya chumvi, kuliko Nyeri. Kuandika namba ya gari kwenye vioo vya pembeni husaidia kupunguza wizi, lakini kuna mafundi wengi wa mjini wanaofanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Katika bima kubwa pia kuna nyongeza, kama ile ya kuwaondolea kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hubeba, au ile ya fujo za kisiasa. Hizo zipimeni kwa swali la pili: je, tunaweza kulibeba wenyewe?

Fungu la tatu ni mapambo. Hakuna dhambi katika kupenda kitu kizuri. Lakini mapambo hayana haraka, na si ya kuingizwa ndani ya mkopo. Zulia la miguu lililokopewa kwa miaka mitano litakuwa limechakaa huku bado mnalilipia.

HOFU MBILI NDANI YA NYUMBA MOJA

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi kuliko hesabu. Mume na mke wanaweza kusoma karatasi moja na kuona vitu viwili tofauti, kwa sababu kila mmoja ana hofu yake.

Mmoja anaogopa gari kuharibika. Pengine alikulia katika nyumba ambamo gari la baba lilikwama na halikutengenezwa tena, likawa banda la kuku. Pengine yeye ndiye anayetoka zamu saa tano za usiku na kupita barabara yenye giza peke yake. Huyo akisikia neno dhamana, anasikia usingizi.

Mwingine anaogopa pesa kupotea. Pengine alifukuzwa shule kwa ajili ya karo, akiwa mtoto, na tangu siku hiyo kila shilingi isiyo na kazi inamuuma. Huyo akisikia neno dhamana, anasikia wizi.

Hakuna aliye mjinga kati yao. Lakini wasipoambiana, mmoja atamwita mwenzake bahili, naye ataitwa mbadhirifu, na mazungumzo yatakuwa yamekufa. Afadhali kuuliza, "Baba, unaogopa nini hasa?" kuliko kuuliza, "Kwani wewe hupendi gari?" Mkishazijua hofu, mara nyingi hupatikana njia ambayo haikuwa katika orodha ya mwuzaji. Kama hofu ya mama ni kukwama usiku, huenda dawa yake si dhamana ya 150,000. Huenda ni mpango wa kuvutwa gari wakati wa dharura, ambao bima nyingine huwa nao, gurudumu la akiba lililojazwa upepo, simu yenye chaji, na mume atakayeamka kumfuata.

SIKU YA KWENDA KUNUNUA

Kabla ya siku hiyo, fanyeni haya:

1. Ombeni karatasi zote mapema: dhamana ya mtengenezaji, mkataba wa kuongeza, na orodha ya nyongeza pamoja na bei zake. Ulizeni kama Kodi ya Thamani ya Ziada, asilimia 16, imo ndani ya bei. Mwuzaji asiyetaka karatasi yake isomwe nyumbani amekwisha kuwapa jibu.

2. Zisomeni pamoja jioni, watoto wakishalala. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike maswali.

3. Kubalianeni kiasi cha juu ambacho hakitapitwa, na mkiandike.

4. Kubalianeni neno la kujibu. Neno zuri ni hili: "Asante, tutazungumza nyumbani kwanza." Anayelisema hafanyi kosa la adabu. Ikiwa mmoja atakwenda peke yake, neno hilo ni ngao yake.

5. Ulizeni kama dhamana ya kuongezwa inaweza kununuliwa baadaye, kabla ile ya mtengenezaji haijaisha. Mara nyingi inawezekana. Basi haraka yote ya siku ile haina msingi.

6. Kila ahadi ya mdomo iandikwe. "Usijali, hiyo tutakufanyia" si mkataba.

NA KAMA GARI NI LA KUTUMIKA?

Wengi wenu mtanunua gari la yadi. Mara nyingi dhamana ya mtengenezaji imekwisha au haikuwafuata kutoka Japani. Yadi ikiwapa dhamana ya miezi michache, ulizeni maswali yale yale matatu. Lakini kwa gari la namna hiyo, pesa za kwanza zimpeni makanika mnayemwamini, asiye na uhusiano na yadi, alikague kabla hamjalipa. Ukaguzi wa asubuhi moja wafaa kuliko ahadi ya miezi mitatu.

KAMA MMOJA AMEKWISHA KUTIA SAHIHI

Huenda mnasoma ukurasa huu na maji yamekwisha kumwagika. Kwanza, toeni mkataba mtazame kama una muda wa kuuvunja na kurudishiwa pesa. Mingine huwa nao, na siku zake ni chache. Andikeni barua, msipige simu tu. Kama muda umepita, basi utumieni mkataba huo vizuri: fuateni ratiba ya sevisi, tunzeni kila stakabadhi, na mpeleke madai bila aibu kitu kikiharibika.

Aliyetia sahihi na aseme, "Ningekungoja." Mwenzake akishalisikia neno hilo, asilirudishe kila malipo ya mwezi yanapokatwa. Mkopo una miezi 60. Lawama zisiwe na miezi 60.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kiasi gani cha pesa ambacho mmoja wetu anaweza kukitumia bila kumuuliza mwenzake? Je, tumewahi kukitaja, au kila mmoja anakikisia?

2. Gari likiharibika mwezi ujao, ni shilingi ngapi tunaweza kuzitoa bila kugusa karo na chakula?

3. Mimi ninaogopa nini zaidi: gari kukwama au pesa kupotea? Hofu hiyo niliipata wapi?

4. Tukichagua njia ya akiba, akaunti itakuwa na sahihi za nani?